Tulipelekwa Ulaya Kuonyeshwa Joto

Nimeulizwa sana. Nimeulizwa msikitini, nimeulizwa kwenye arusi ya binti wa jirani yangu, nimeulizwa hata kituoni nikisubiri basi la barabara ya Kipling: "Rehema, hebu tuambie, huko Ulaya kulikuwaje? Na mbona ulikwenda unacheka ukarudi umenuna?" Kila mara nimejibu nusunusu, kwa sababu basi linafika au pilau linapakuliwa. Basi nimekaa chini niandike yote kwa mpigo, ili atakayeniuliza tena nimpe asome mwenyewe. Habari za viza na tiketi siziandiki, zinajulikana na hazimfurahishi mtu. Ila nawaonya mapema: bado sijapoa.

Kutoka Rexdale mpaka tulipopaa

Kwa wasionifahamu, mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda cha mikate karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Naishi Rexdale, ghorofa za juu, pamoja na binti yangu Zuhura, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Wakati huo jengo letu lilikuwa na boila la zamani, mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto. Ikifika Januari mabomba ya joto ukutani yalikuwa baridi kama kisu. Tuliwasha oveni na kuacha mlango wake wazi, tukalala na makoti. Tulilalamika kwa mwenye jengo mpaka tukachoka, na kila fundi aliyekuja aligonga gonga kisha akaondoka.

Sasa, mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi, kampuni moja ikaja na mpango wa kujenga tanuri la kuchomea taka za viwandani nyuma ya majengo yetu, kule kwenye maghala. Mabaki ya mbao, plastiki, nguo, matope ya rangi, vyote vingechomwa vitoe nguvu. Jina la kampuni silitaji. Wana mawakili wengi. Mwakilishi wao alikuwa bwana mmoja mcheshi aitwaye Douglas. Alikuja kwenye mkutano wetu wa wapangaji akasema maneno ambayo hakuna mama aliyeyasahau: "Kule Ulaya, taka za viwanda zinapasha joto nyumba za watu. Bibi mzee anakaa kwake na blauzi nyepesi wakati nje kuna theluji. Njooni muone wenyewe."

Mtu ambaye mwanawe analala na koti, ukimwambia habari ya blauzi nyepesi, umemshika pabaya.

Mimi sikuwa adui wa mpango huo, na hilo nataka lieleweke. Nimekulia Morogoro, kando ya kiwanda cha sukari. Makapi ya miwa hayatupwi, yanachomwa yachemshe maji, mvuke ukazungusha mitambo. Mtu akiniambia taka za kiwanda zina nguvu ndani yake, simshangai. Wapangaji wakanichagua niende. Wenye maduka wakamchagua Mzee Amirali, Mwismailia wa Tanga mwenye duka la dawa pale Rexdale ingawa nyumba yake iko Agincourt, upande wa pili wa jiji. Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu, na ana adabu za kizamani: hakai mpaka umekaa, na hawezi kumkatiza mtu hata kama anaongea upuuzi.

Siku ya kuondoka theluji ilianguka kama imetumwa. Tulipanda ndege, ikanyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu, ikasimama kwenye foleni mpaka dawa ikaisha nguvu, ikarudishwa kunyunyiziwa tena. Bwana Douglas alikuwa mbele, kwenye viti vinavyolala. Sisi tulikuwa nyuma kabisa, karibu na choo, na mtoto wa watu analia. Mzee Amirali akafungua mfuko wa chevda, ile dengu na karanga na viazi vya kukaanga vyenye pilipili, akaipitisha kwa abiria wote wa mistari ile, hata yule mtoto akapewa kiazi akanyamaza.

"Mwanangu," akaniambia, "tukiweza kurudi na joto kwa ajili ya wale watoto, mimi sitadai kiti cha mbele."

Nami nikaitikia amina, tena kwa moyo wote.

Kopenhageni

Chakula cha kwanza tulichopewa Denmaki kilikuwa mipira ya nyama yenye harufu nzuri. Nikauliza ni nyama gani. Mhudumu akasema nguruwe. Tukaomba kitu kingine, tukaletewa soseji. Nguruwe. Jioni ikaja nyama nyembamba juu ya mkate mweusi. Nguruwe tena. Nikamwita msimamizi wa chakula, mama mpole mwenye mashavu mekundu, nikamwambia sisi ni Waislamu. Akashika kinywa kwa mshtuko.

"Lakini tuliandikiwa kwamba wageni wenye asili ya Kihindi hawali ng'ombe," akasema. "Tukahakikisha hapiti ng'ombe mezani hata kidogo!"

Kumbe Bwana Douglas alimtazama Mzee Amirali sura yake, akaamua mwenyewe dini yake, akatuagizia nguruwe kwa heshima kubwa. Hakutuuliza. Ungeuliza swali moja tu! Mzee Amirali alicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kidogo, lakini jambo hilo sikulisahau. Mtu anayekulisha bila kukuuliza unakula nini, nikawaza, kuna mengine mengi ambayo hatakuuliza.

Kesho yake tulitembezwa kwenye tanuri lao. Nisidanganye, palikuwa safi. Malori yanaingia kwa mlango unaofunga nyuma yao, harufu haitoki nje, na pembeni kuna kioo kama cha televisheni kinachoonyesha moshi una nini ndani yake, kila mpita njia asome. Tulivalishwa kofia ngumu na fulana za njano, tukapigwa picha. Mpigapicha akanisihi nicheke. Nikacheka, kwa nini nisicheke?

Mchana tulitoroka kutafuta chakula cha maana. Tukaingia duka la mboga, Mzee Amirali anatetemeka, mdomo umekuwa wa bluu. Bibi mmoja mwenye mvi, jina lake Inge, alikuwa ananunua viazi. Alimtazama mzee wangu mara moja tu, akasema kwa Kiingereza, "Wewe unakuja kwangu kunywa kitu cha moto," na hakungoja jibu.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Jamani! Tulipofungua mlango joto lilitupokea kama mama mkwe mwema. Bibi Inge alivua koti, na ndani alikuwa na blauzi nyepesi, ya mikono mifupi. Mzee Amirali akanibonyeza kwa kiwiko. Bibi akatupa chai na samaki wa siki juu ya mkate, kisha, nikitazama kwa macho yangu mawili, akaenda kufungua dirisha kwa sababu chumba kimezidi joto. Mwezi wa pili! Nilimfikiria Zuhura na koti lake kitandani, nikaweka kikombe chini kwanza.

"Hili joto linatoka wapi?" nikamuuliza, nikamweleza kwamba tumetoka kutembezwa tanurini.

"Kwenye tanuri hilohilo mliloliona," akasema. "Bomba linapita chini ya barabara. Zamani tulichoma mafuta kila mtu kwake, kisha mafuta yakawa ghali mno, tukaunganishwa. Lakini msifikiri tulipewa zawadi. Sisi wakaazi tulikaa kwenye vikao miaka na miaka. Kwanza bomba, ndipo tanuri. Bila bomba tungelala barabarani mbele ya malori."

Nilitoka pale nimejaa furaha. Jioni nikamfuata Bwana Douglas hotelini.

"Bwana Douglas, tumeona. Ni kweli. Sasa mabomba yetu sisi yatafika mpaka jengo gani?"

Akanipiga begani. "Swali zuri sana, Rehema. Hilo liko kwenye awamu ya pili."

Nikalala nimeridhika. Ndiyo, niliridhika, na msinicheke.

Kuvuka daraja kwenda Malmö

Kutoka Denmaki kwenda Uswidi ni treni inayopita juu ya bahari kwenye daraja refu. Ilipofika katikati ikasimama. Upepo, wakasema. Tukakaa pale, maji ya kijivu kushoto, maji ya kijivu kulia, mpaka watu wakaanza kuzungumza na wasiowajua, jambo ambalo nimeambiwa kule ni nadra. Tulifika tumechelewa, na mhandisi aliyetusubiri, mwanamke wa makamo aitwaye Karin, alikuwa hata hajala kwa ajili yetu.

Karin hakutupeleka kwenye mitambo kwanza. Alisimama ubaoni na kalamu akatuchorea mistari, mmoja kwa kila nchi, kuanzia mwanzo wa miaka ya elfu mbili: nguvu inayotolewa kwenye taka za viwandani. Nambari sikuzishika na sitajifanya nimezishika. Lakini sura ya mistari naikumbuka. Nchi za kaskazini zilianza juu zikazidi kupanda. Ujerumani ikapanda. Polandi ilianza karibu na sakafu kisha ikainuka ghafla, sababu ya matanuri ya saruji. Nchi kadhaa za kusini na mashariki zilitambaa chini, kwa kuwa bado zilikuwa zinafukia taka zao ardhini.

Bwana Douglas akafurahi. "Mnaona? Kila mahali mstari unapanda! Ulaya yote inakwenda huko."

Karin alimtazama kidogo. "Mstari unaniambia taka zimeungua," akasema. "Hauniambii nani amepata joto. Hapa kwetu linakwenda majumbani. Kwingine linapika saruji. Kwingine wanatoa umeme tu, na joto lililobaki linakwenda kwa ndege wa angani. Yote yanahesabiwa kwenye mstari uleule." Kisha akaongeza, "Na tanuri ukishalijenga lazima ulilishe. Sisi siku hizi taka zetu hazitoshi, tunaleta za nchi nyingine."

Mzee Amirali akainua mkono kama mwanafunzi. "Mnaagiza taka? Kutoka nje?"

"Ndiyo, mzee. Kwa meli na kwa malori."

"Allah," akasema Mzee Amirali, na kalamu yake ikabaki hewani.

Karin akanigeukia mimi. "Na kwenu Toronto, mabomba yataanzia wapi? Mnachimba barabara kubwa au mnapita kandokando?"

Nikamgeukia Bwana Douglas. Akasema, "Awamu ya pili."

Karin alifunika kalamu yake taratibu, akatuuliza kama tunapenda kahawa. Nimeshakaa na wakubwa wa kazini vya kutosha kujua maana ya kahawa inayoletwa namna ile. Tangu pale usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Jambo jema la Malmö lilikuwa chakula. Tuliona mkahawa wa Wasomali tukaingia bila kushauriana. Mwenyewe, mtu mnene wa Barawa, pwani ya Somalia, alitusikia tukiongea akaja anafuta mikono. "Mwatoka wapi nyie? Karibuni, karibuni!" Kiswahili cha kwao cha pwani, kitamu, kina maneno ambayo bibi yangu ndiye wa mwisho kuyatumia. Alituletea wali wa viungo na mbuzi, na ndizi mbivu kando. Mzee Amirali aliweka ndizi ndani ya wali bila aibu, kama wenyewe wanavyofanya, akala mpaka akalegeza mkanda. Nilipotaka kumuaga yule bwana alinishika mkono akauliza mbona macho yangu yana wasiwasi. Nikamweleza kwa kifupi.

"Dada," akasema, "mwenye kukuahidi kesho, mwambie akuoneshe leo."

Melini

Kwenda Polandi tulipanda meli ya kuvusha magari kutoka Ystad, bandari ya Uswidi. Upepo ulikuwa bado umekasirika, tukangojeshwa bandarini, na tulipoondoka meli ilipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Kwenye kantini tulikaa na dereva wa lori, Mpolandi mwenye mikono kama majembe, ambaye hakujua Kiingereza. Alitugawia matango ya siki kutoka kwenye chupa yake. Akamnyooshea Mzee Amirali kidole, akaninyooshea mimi, akachora moyo hewani na kutupongeza.

"Mwambie mimi ni baba yako!" Mzee Amirali akafoka kwa Kiswahili, masikio yamekuwa mekundu. Nilijaribu kwa ishara za kupakata mtoto. Yule dereva akaelewa kwamba tunatarajia mtoto, akasimama akatupa mkono sote wawili. Hatukuwa na la kufanya ila kula matango.

Bwana Douglas alikuwa ameegemea dirisha, uso wa kijani. Nikamfuata. Mtu mwenye kichefuchefu hana pa kukimbilia.

"Bwana Douglas, awamu ya pili ni lini?"

"Rehema, tafadhali, sio sasa."

"Ni baada ya mwaka? Baada ya miaka?"

Akafumba macho. "Watu wako wanahitaji kuwa na subira. Kuna mambo ya kitaalamu."

Watu wangu. Watu wangu wana subira ya kuwasha oveni kila Januari! Nikarudi kwenye kiti changu, na matango yakanishinda.

Polandi

Mji wenyewe siutaji, kwa sababu wenyeji walitutendea wema na sitaki wasemwe. Una kiwanda cha saruji, na tanuri lake linachoma mabaki ya viwanda yaliyosagwa: mazulia, plastiki, mpira wa matairi. Zamani lilikuwa linakula makaa ya mawe peke yake. Meneja, Bwana Marek, alikuwa kijana mchangamfu mwenye kujivunia kazi yake, wala sina kinyongo naye. Alituvalisha kofia ngumu, akatukaribisha kwenye chumba chenye biskuti, akawasha picha ukutani.

"Tumefurahi kwamba Toronto mmechagua njia inayofanana na yetu, si ile ya Skandinavia," akasema. "Ndiyo inayofaa mahali msipotaka gharama ya kupeleka joto kwenye nyumba."

Nikadhani Kiingereza chake kimeteleza. "Samahani, kaka. Nyumba zetu si ndizo zitakazopata joto?"

Akashangaa. "Hapana. Mtambo wenu ni wa umeme, utauzwa kwenye gridi. Mabomba hamna." Akamtazama Bwana Douglas. "Si hamna? Uliniambia wazo la mabomba mmelifuta tangu mwanzo."

Na pale pale picha iliyofuata ikatokea: ramani ya kwetu, iliyochorwa kwa rangi nzuri. Niliona barabara ya Kipling. Niliona maghala. Niliona tanuri na dohani lake jembamba jeupe. Nikatafuta jengo langu. Mahali linaposimama jengo langu, na yale mawili ya jirani, na shule ya Zuhura, palikuwa pamechorwa miti. Miti ya kijani, minene, na ndege wawili juu yake.

Mzee Amirali aliinuka akasogea ukutani. Akaweka kidole.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo sana, "hapa si ndipo duka langu? Mbona nimekuwa mti?"

Nawaambieni ukweli. Sijawahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Nikamgeukia Bwana Douglas.

"Umetuvusha bahari," nikamwambia. "Umetulisha nguruwe. Umetusimulia habari za bibi wa watu na blauzi yake. Na wakati wote huo ulikuwa unajua kwamba moto utawashwa mlangoni kwetu, moshi na malori tupate sisi, na joto liende angani?"

"Mtapata ajira," akasema. "Na naomba tukumbuke, Rehema, mlialikwa kuja kuona. Hamkualikwa kuamua."

Bwana Marek aliinamisha kichwa akawa anapanga biskuti. Mzee Amirali, ambaye hajawahi kumkatiza mtu, alivua ile kofia ngumu waliyomvalisha, akaiweka juu ya meza mbele ya Bwana Douglas, akasema kwa Kiingereza chake cha shule ya zamani, "Bwana, chakula chako kula mwenyewe." Tukatoka.

Tulitembea barabara ya mji ule hatujui tuendako. Tulisimama chini ya paa la shule ya chekechea kujikinga na mvua ya barafu, na mwalimu mkuu, Bi Halina, akatufungulia. Alijua Kiingereza kidogo. Alitupa maandazi ya unga yaliyochemshwa, yamejazwa viazi na jibini, yanaelea kwenye siagi na vitunguu, na akasisitiza bila kuulizwa kwamba hayana nyama. Nilimwuliza kuhusu kiwanda. Akasema kiwanda nisikinyime haki yake: zamani nguo zikianikwa zilirudi ndani nyeupe kwa vumbi, sasa si hivyo. Lakini joto la tanuri lile halijawahi kuingia kwenye nyumba yoyote aijuayo. Kila nyumba pale inawasha jiko lake la makaa. Ukumbi wa watoto ulikuwa na baridi, na watoto walikuwa wanachora wamevaa makoti.

Nilipowaona wale watoto na makoti yao nililia, mbele ya mwenyeji wangu, na siagi kwenye vidole. Bi Halina alidhani maandazi yameniumiza tumbo.

Njiani kurudi

Ndege ya kurudi ilichelewa Warsaw. Bwana Douglas alikaa upande mwingine wa ukumbi akijifanya anasoma. Mzee Amirali hakufungua hata mfuko wake wa chevda. Alikaa mikono magotini, akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua.

"Baba yangu alikuwa na nyumba Tanga. Serikali ilipotaifisha majengo tuliondoka bila kusema neno. Alituambia, watu wastaarabu hawapigi kelele. Mimi nimeishi na adabu hiyo maisha yangu yote, mwanangu. Lakini mkutano wa jiji wa kuamua habari ya tanuri ukifika, mimi nitapiga kelele. Wewe utanisahihisha nikikosea maneno."

"Hutakosea, mzee wangu."

"Nitakosea. Sijazoea."

Rexdale tena

Nilipofika nyumbani Zuhura alinikumbatia akauliza, kwa Kiingereza chake, kama wamekubali kutuletea joto. Nikamwambia hapana. Akaenda kuniletea blanketi. Kitendo hicho kilinichoma kuliko kama angelia.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa shule. Walikuja Wasomali, Wapunjabi, Wajamaika, Waghana, kila mtu na theluji mabegani. Maofisa wa jiji walikaa mbele. Na pale jukwaani, pembeni ya Bwana Douglas, palisimamishwa picha kubwa kuliko mlango: mimi, na kofia ngumu, nacheka. Chini yake wameandika kwamba jamii imeona na jamii imeridhia. Watu wakanigeukia. Jirani yangu mmoja, ambaye tumeazimana chumvi tangu tuhamie, aliniuliza, "Rehema, umetuuza?"

Sikungoja kuitwa. Nilikwenda mbele nikasema jina langu na nambari ya nyumba yangu.

"Mimi siuchukii moto," nikasema. "Nimekulia karibu na kiwanda kinachochoma makapi yake. Huko Denmaki nimekaa kwenye nyumba iliyopashwa joto na taka, na nimeona bibi akifungua dirisha kwa raha. Kama mpango ungekuwa ule, ningeubeba kichwani. Lakini mpango huu hauna bomba hata moja. Nimeambiwa na rafiki zao wenyewe. Kwenye ramani yao, wewe, na wewe, na shule hii tuliyokaa, ni miti."

Ukumbi ulilipuka. Bwana Douglas alishika kipaza sauti, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Nadhani dada yetu hakuelewa vizuri. Lugha zilikuwa nyingi kule."

Hakuelewa! Ndipo Mzee Amirali aliposimama. Alianza kwa sauti ya chini, akasema yeye ndiye anayewapa dawa za pumu watoto wa mitaa hii, anawajua kwa majina. Kisha sauti ikapanda, ikapanda, mpaka ikapasuka. "Mimi nilikuwepo! Mimi nimeelewa! Muulizeni sasa hivi, bomba liko wapi?" Akalirudia kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kigujarati, na ukumbi ukaanza kulipokea, kila kundi kwa lugha yake. Ofisa mmoja wa jiji, mwanamke mwenye miwani, alimwomba Bwana Douglas ajibu kwa ndiyo au hapana kama kuna mabomba. Bwana Douglas alianza kusema awamu. Yule mama akasema, "Ndiyo au hapana." Akasema hapana.

Mpango ulirudishwa, na haikupita miezi mingi kampuni ikauondoa. Watu walinibeba juu kama bibi arusi. Lakini tusidanganyane: Januari iliyofuata boila letu lilikuwa lilelile, na oveni zikawashwa. Tulichopata ni kwamba safari hii tulimfuata mwenye jengo tukiwa wote, na ofisa yuleyule mwenye miwani, na baada ya mvutano wa msimu mzima boila jipya likafungwa. Ni dogo, lina kelele, linafanya kazi.

Hasira yangu haikuishia hapo, kwa sababu baadaye nilipigiwa simu na mama mmoja wa mji mwingine wa Ontario, mbali kidogo na sisi, mhamiaji kama mimi, anaishi karibu na maghala kama mimi. Alikuwa amepata namba yangu kwa mtu wa msikitini. Kampuni imehamia kwao. Wamechagua watu wachache wapelekwe Ulaya, na yeye ni mmoja wao. Alikuwa na furaha, masikini. Akaniuliza kule kuna baridi kiasi gani, na abebe nguo gani.

"Usibebe kitu bado," nikamwambia. "Kabla hujapanda ndege yao, mwalike huyo bwana wa kampuni kwako. Mwambie alale nyumbani kwako usiku mmoja wa Januari, kwenye kitanda cha mwanao, ndipo mzungumze habari za Ulaya."

Alicheka, akadhani natania. Kisha kwenye simu nikasikia anavuta kitasa cha dirisha kuhakikisha kimefungwa.

Alimwalika kweli. Bwana hakwenda, na safari yao haijaondoka mpaka leo.